Thierry Henry: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaoniuliza kuhusu Thierry Henry siku hizi ni makundi mawili. Kuna vijana wanaomjua kama yule bwana mwenye kipara na ndevu anayevunjika mbavu kwa kicheko akiwa na Micah Richards kwenye meza ya uchambuzi wa Ligi ya Mabingwa, na wanashangaa kwa nini kaka zao wanamwita Mfalme. Halafu kuna wenzangu wa rika la banda umiza, tuliolipa kiingilio tukabanana kwenye mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo ili tumtazame akicheza. Hao hawaulizi, wanabisha. Maswali ya pande zote mbili nimeyaweka hapa. Nakiri mapema kwamba mimi ni Arsenal tangu enzi za Highbury, uwanja wao wa zamani, kwa hiyo penye mapenzi mtayaona tu.

Kwa ufupi, Henry ni nani?

Mshambuliaji wa Ufaransa, kazaliwa 17 Agosti 1977, aliyecheza Monaco, Juventus, Arsenal, Barcelona na New York Red Bulls kati ya mwaka 1994 na 2014. Arsenal alifunga mabao 228 katika mechi 377, na mpaka leo hakuna mchezaji wa klabu hiyo aliyemfikia. Ligi Kuu England peke yake ana mabao 175 katika mechi 258. Timu ya taifa alicheza mechi 123 na kufunga 51. Kabatini ana Kombe la Dunia 1998, Euro 2000, ubingwa wa Ufaransa akiwa na Monaco 1997, wa England 2002 na 2004, wa Hispania 2009 na 2010, na Ligi ya Mabingwa 2009.

Jina lake linatamkwaje?

Sisi tulisema "Henri", H ikisikika kama ya "heri". Wafaransa H hawaitamki. Kwao ni kama "Tieri Anri", na hiyo "an" inapitia puani. Kijiweni ukisema Henri utaeleweka. Ukisema Anri utaulizwa umerudi lini kutoka Paris.

Asili yake ni nchi gani ya Afrika?

Swali hili halichoki. Nimeshasikia watu wakiapa kwamba ni Msenegali, wengine Mkameruni. Si hivyo. Kazaliwa Les Ulis, kitongoji cha maghorofa kusini magharibi ya Paris. Baba yake, Antoine, asili yake ni Guadeloupe, na mama yake, Maryse, ni Martinique. Hivyo ni visiwa vya bahari ya Karibi ambavyo ni sehemu ya Ufaransa, kwa hiyo wenyeji wake ni Wafaransa kamili. Wengi wao ni kizazi cha Waafrika waliovushwa bahari utumwani, basi mizizi ipo, ila huwezi kunyoosha kidole kwenye ramani ukasema ni hapa. Lilian Thuram, beki aliyecheza naye Ufaransa, yeye alizaliwa Guadeloupe kwenyewe.

Nani alimwona kwanza?

Skauti wa Monaco aitwaye Arnold Catalano, mwaka 1990. Alikwenda kutazama mechi ya watoto, timu ya Henry ikashinda 6-0, na mabao yote sita yakawa ya mtoto mmoja wa miaka 13. Hapo skauti hana haja ya daftari. Henry akapitia kituo cha Clairefontaine, ambako shirikisho la Ufaransa hulea vipaji vya eneo la Paris, kisha akaenda Monaco. Mechi yake ya kwanza ya wakubwa ilikuwa 31 Agosti 1994 dhidi ya Nice, akiwa na miaka 17. Walifungwa 2-0. Kocha alikuwa Arsène Wenger, ambaye wiki chache baadaye alifukuzwa kazi na kwenda Japani. Wakaachana hivyo, wakakutana tena baada ya miaka mitano.

Ni kweli alikuwa winga na Wenger ndiye aliyemgeuza kuwa mshambuliaji?

Ni kweli nusu, na ile nusu nyingine ndiyo tamu zaidi.

Utotoni Henry alikuwa mshambuliaji wa kati. Monaco ndio waliompeleka pembeni. Chini ya Jean Tigana pale katikati palikuwa na foleni: Sonny Anderson, Mnigeria Victor Ikpeba, baadaye na David Trezeguet. Kijana mwenye mbio apewe wapi? Akapewa kushoto, apige krosi. Na alifanya kazi: ubingwa wa 1997, kisha msimu uliofuata nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, yeye akifunga mabao saba katika mashindano hayo.

Agosti 1999 Arsenal ilikuwa imemuuza Nicolas Anelka kwenda Real Madrid, na Wenger, ambaye sasa alikuwa kocha wa Arsenal, akamchukua Henry kutoka Juventus kwa takriban pauni milioni 11. Akamwambia acheze katikati. Mwanzoni ilikuwa aibu. Mechi saba na zaidi bila bao, mashuti yakipaa kwenda jukwaani kama mtu anayefukuza kunguru. Bao la kwanza likaja 18 Septemba 1999 kwa Southampton, akitokea benchi, mechi ikaisha 1-0. Msimu ulipofungwa alikuwa na mabao 26.

Sasa ile nusu nyingine: Wenger hakumwondoa pembeni. Alimruhusu aendelee kuishi kule kushoto alikokuzoea, ila safari yake iishie golini badala ya kwenye kibendera cha kona. Kwenye karatasi alikuwa namba tisa, yaani mshambuliaji wa kati, uwanjani anasimama kwenye ule mstari kati ya beki wa kulia na beki wa kati wa wapinzani. Beki wa kati akimfuata, anaacha shimo katikati ambalo Freddie Ljungberg ataingia. Asipomfuata, beki wa kulia anabaki peke yake na mtu mwenye mbio zile. Nyuma yake kulikuwa na Ashley Cole anayepanda na Robert Pires anayeingia ndani. Upande ule wa kushoto ulikuwa kama njia panda isiyo na trafiki.

Juventus alishindwa nini?

Alifika Januari 1999 katikati ya msimu, timu imechoka, kocha akabadilika mwezi uliofuata Marcello Lippi akimpisha Carlo Ancelotti, naye akawekwa pembeni akikimbizana na mabeki wa Kiitalia na kurudi kukaba. Mabao matatu katika mechi 16 za ligi, mawili kati ya hayo dhidi ya Lazio siku moja. Miezi saba haitoshi kusema mtu ameshindwa.

Alikuwa na kasi kiasi gani?

Alikuwa na urefu wa mita 1.88 na hatua ndefu, kwa hiyo macho yalikuwa yanadanganywa: hakuonekana kuhangaika. Wapo wachezaji ambao wakikimbia unaona mabega, unaona shingo, unaona jasho. Henry alikimbia kama mtu anayeteleza kwenye sakafu iliyopigwa deki.

Ila watu wengi walikuwa na mbio. Theo Walcott alikuwa na mbio, Anelka alikuwa na mbio. Kilichomtofautisha Henry ni kwamba alijua kupunguza. Angalia mabao yake taratibu: anapokea mpira karibu na mstari wa pembeni, anatembea. Anatembea kabisa, mpira uko mguuni kama mtu anayemsindikiza mgeni. Beki naye anapunguza, maana ukimvamia anapita. Beki anarudi nyuma hatua mbili, tatu, na katika ile hatua ambayo beki amekanyaga kisigino, mwili umeelemea nyuma, hapo ndipo Henry anaondoka. Hata uwe na mbio namna gani, huwezi kuanza kukimbia ukiwa umesimama kwa kisigino.

Lile bao lake la kutoka kushoto, alilifungaje? Mbona kila mtu alijua linakuja na bado linaingia?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, mnivumilie.

Anaingia ndani ya kumi na nane, lile eneo la penalti, kutokea kushoto, mpira uko mguu wa kulia. Kipa anatoka kupunguza goli na anaziba kwanza nguzo ya karibu, kwa sababu kipa akifungwa nguzo ya karibu atatukanwa. Henry anajua hilo. Kabla ya kupiga kuna kitu kidogo anafanya na nyonga: anaifungua, mguu wa kushoto unakanyaga kando ya mpira, kiwiliwili kinasimama wima badala ya kulala mbele. Kisha anapiga kwa ubavu wa ndani wa mguu, wala si kwa nguvu. Mpira unaanza safari ukielekea nje ya nguzo ya mbali, na kipa anaona unakwenda nje. Halafu unapinda na kurudi ndani, unalala kwenye wavu wa pembeni.

Tuseme alikuwa anapiga pasi, na mpokeaji ni nguzo. Washambuliaji wengi wenye mbio wakifika kwa kipa bado wamo mbioni. Moyo unadunda, mguu unapiga kwa hasira ya safari yote. Yeye safari ilikuwa imeshaisha hatua mbili nyuma. Akifika kwa kipa anakuwa ametulia kama mtu anayetafuta funguo mfukoni mlangoni kwake.

Na kama kipa ameamua kuotea nguzo ya mbali? Anamchomekea ile ya karibu. Ndiyo maana kujua kwamba linakuja hakukusaidia: ukiondoka mapema umekwisha, ukichelewa umekwisha.

Mtaani kwetu tulijaribu sana. Tulivuta soksi hadi juu ya magoti kama yeye, wengine bila viatu soksi peke yake, tunafungua nyonga, na mpira wa makaratasi haupindi hata umpigie magoti.

Bao lake bora ni lipi?

Hapa ndipo urafiki huvunjika. Nitataja yangu, ya kwako utaniambia.

Dhidi ya Manchester United, 1 Oktoba 2000, Highbury, 1-0. Yuko nje kidogo ya kumi na nane, mgongo umelielekea goli, Denis Irwin yuko nyuma yake. Pasi inakuja, anaibetua juu kwa mguu, anageuka, na kabla mpira haujagusa chini ameshaupiga. Golini alikuwa Fabien Barthez, Mfaransa mwenzake na mwenzake wa Monaco vilevile, na mpira ulipita juu yake kama ndege.

Dhidi ya Tottenham, 16 Novemba 2002. Anachukua mpira kwenye nusu yake, anakimbia uwanja mzima, anawapita waliobaki, anapiga kwa mguu wa kushoto. Kisha anakimbia tena uwanja mzima kurudi upande wa pili ili ateleze kwa magoti mbele ya mashabiki wa Spurs, yaani hao hao Tottenham. Ile sanamu yake nje ya Emirates, uwanja mpya wa Arsenal, iliyozinduliwa Desemba 2011, ndiyo picha ya magoti yale.

Charlton, Oktoba 2004: beki amemkumbatia kwa nyuma, hana pa kugeukia, basi anampiga tobo kwa kisigino na mpira unakwenda wavuni. Hilo ni la utundu. Na Real Madrid, 21 Februari 2006, Bernabéu: tangu katikati ya uwanja watu wanne wanamkimbilia, wa kwanza ni Ronaldo wa Brazil, na hakuna anayefika. Mguu wa kushoto, chini, kipa Casillas anaruka bure. Arsenal ikawa klabu ya kwanza ya England kushinda pale dhidi ya Real.

Mimi? Lile la Manchester kwa uzuri. Kwa uzito nina jingine, lipo kwenye jibu linalofuata.

Katika ule msimu wa 2003/04 ambao Arsenal haikufungwa kwenye ligi, yeye alifanya nini hasa?

Alifunga mabao 30 katika msimu wa ligi wa mechi 38, ambazo Arsenal ilishinda 26 na kutoka sare 12. Lakini namba hazisemi ilivyokuwa wiki ya kwanza ya Aprili 2004.

Tarehe 3 Arsenal ilitolewa Kombe la FA na Manchester United. Tarehe 6 ikatolewa Ligi ya Mabingwa na Chelsea, nyumbani, kwa bao la dakika za mwisho la Wayne Bridge. Tarehe 9, Ijumaa Kuu, Liverpool wakaja Highbury, na hadi mapumziko Arsenal walikuwa nyuma 2-1. Kwenye banda letu watu walishaanza kuondoka. Mashabiki wa United, waliokuwa nyuma kabisa, walikuwa wanatuimbia.

Kipindi cha pili Pires akasawazisha. Dakika moja baadaye Henry akapokea mpira karibu na katikati. Dietmar Hamann akabaki amesimama. Jamie Carragher akageuka upande huu, akageuka upande ule, akagongana na mwenzake Igor Bišćan, wakaanguka. Henry akampita kipa Dudek kwa ile pasi yake ya ubavu wa mguu. Baadaye akaongeza jingine, ikaisha 4-2, yeye matatu. Wiki moja baadaye akawafunga Leeds manne peke yake katika ushindi wa 5-0, moja akilifunga huku anaanguka. Mbio za kutofungwa zilikwenda hadi mechi 49, zikakatwa na Manchester United kwao Old Trafford, Oktoba 2004.

Carragher sasa hukaa naye meza moja kwenye uchambuzi. Video ile huwekwa mara kwa mara, na Carragher hana pa kukimbilia.

Alikuwa mfungaji tu, au alitoa na pasi?

Msimu wa 2002/03 alifunga 24 na kutoa pasi za mabao 20 kwenye ligi. Rekodi hiyo ya pasi 20 Kevin De Bruyne aliifikia 2019/20. Anayesema Henry alikuwa mchoyo hakumtazama.

Kwa nini alikuwa hashangilii mabao?

Alishangilia, ila si yote. Mara nyingi alifunga kisha akaondoka amekunja uso kama mtu aliyekatiwa umeme. Wapinzani waliona ni maringo. Yeye mwenyewe amesimulia baadaye kwamba baba yake alikuwa mgumu wa kuridhika. Timu ikishinda, nyumbani unakumbushwa krosi uliyoipoteza. Mtoto akakua na mizani hiyo kichwani. Mwanzoni mwa 2024 alizungumza hadharani kwamba anaamini aliishi na sonona miaka yote ya uchezaji bila kuijua, na kwamba alipokuwa kocha Montreal wakati wa korona, mbali na watoto wake, alikuwa akilia kila siku. Tangu nisikie hayo sizitazami zile sura za kutoshangilia kama zamani.

Na ile penalti ya kituko na Pires?

Oktoba 2005 dhidi ya Manchester City. Arsenal wanaongoza 1-0 kwa penalti ya Pires. Wanapata ya pili. Pires badala ya kupiga anatakiwa ausukume mpira pembeni, Henry aje mbio amalizie, kama Johan Cruyff alivyofanya Ajax mwaka 1982. Pires akapitisha mguu juu ya mpira, akaugusa kidogo tu, haukwenda popote. Henry kafika, hakuna kitu. Refa akawapa City faulo. Mechi iliisha 1-0, la sivyo wangesakamwa mwaka mzima.

Ni kweli hakuwahi kufunga kwenye fainali kubwa?

Hapa wapinzani wetu wana hoja, na sitaikwepa. Kombe la Dunia 1998 alikuwa mfungaji bora wa Ufaransa kwa mabao matatu, lakini fainali aliitazama akiwa benchi; Marcel Desailly alipopewa kadi nyekundu, mipango ya kumwingiza ikafa. Fainali ya Kombe la UEFA 2000 na Galatasaray, kichwa chake kiliokolewa na Taffarel, Arsenal wakalala kwa penalti. Euro 2000 alifunga matatu njiani, fainali ikaamuliwa na Trezeguet. Kombe la Dunia 2006 alimfunga Brazil kwenye robo fainali kwa faulo ya Zidane, fainali na Italia hakufunga.

Inayouma ni Paris, Mei 2006, Arsenal na Barcelona. Jens Lehmann kadi nyekundu dakika ya 18. Sol Campbell anafunga kwa kichwa, faulo kaipiga Henry. Kipindi cha pili, bado 1-0, Henry akapata nafasi, yeye na Víctor Valdés. Shuti likakosa nguvu, likamfuata kipa mikononi. Alikuwa amewakimbiza watu kumi na mmoja wakati wao wako kumi, mapafu yameisha. Kisha Eto'o, kisha Belletti, 2-1.

Fainali moja alifunga, na kuitaja kunahuzunisha: Kombe la Mabara 2003, bao la dhahabu, lile la muda wa nyongeza linalomaliza mechi papo hapo, dhidi ya Cameroon, siku tatu tu baada ya Marc-Vivien Foé kuanguka na kufariki uwanjani Lyon. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kushangilia.

Mbona hakupata Ballon d'Or, ile tuzo ya mchezaji bora?

Mwaka 2003 alikuwa wa pili nyuma ya Pavel Nedvěd, na 2006 wa tatu. Tuzo ya FIFA akawa wa pili 2003 na 2004, nyuma ya Zidane na Ronaldinho. Ninavyoona mimi, wapigakura walikuwa wanatazama Ligi ya Mabingwa, na Arsenal ile iliyokuwa moto nyumbani ilikuwa inapata mafua ikivuka bahari.

Ule mkono dhidi ya Ireland?

Aliushika. Hakuna mjadala. Tarehe 18 Novemba 2009, mechi ya mchujo wa kwenda Kombe la Dunia Afrika Kusini, muda wa nyongeza, mpira unatoka nje, anauzuia kwa mkono wa kushoto, mara ya pili anauweka sawa, anampa William Gallas anafunga. VAR, ile video ya kumsaidia refa, haikuwapo. Alikiri baada ya mechi, na baadaye akasema kurudia mechi ndiyo haki. FIFA ilikataa. Ufaransa ikaenda 2010, Anelka akarudishwa nyumbani, wachezaji wakagoma kufanya mazoezi Knysna, wakatolewa kwenye makundi. Henry aliaga jezi ya taifa Bloemfontein akitokea benchi katika kipigo cha 2-1 kutoka kwa wenyeji. Waireland wengi waliona malipo ni hapa hapa.

Barcelona alikuwa anazeeka tu?

Si kweli. Alihama 2007 kwa euro milioni 24, mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu, mwaka wa pili akang'ara kushoto, akiwa na Eto'o na Messi. Msimu huo wa 2008/09 alifunga 26 na timu ikachukua mataji matatu. Bernabéu, 2 Mei 2009, Barcelona ilishinda 6-2 na mawili ni yake, la kwanza likiwa lile lile la nguzo ya mbali.

Ukocha umemshinda?

Monaco hawakumvumilia hata miezi minne, Oktoba 2018 hadi Januari 2019, akikabidhiwa timu iliyokuwa inazama. Montreal aliondoka mwenyewe Februari 2021 kwa ajili ya familia. Kama msaidizi wa Roberto Martínez alikuwa na Ubelgiji iliyoshika nafasi ya tatu Urusi 2018, ikitolewa na Ufaransa yenyewe. Olimpiki ya Paris 2024 aliifikisha Ufaransa fainali, wakafungwa 5-3 na Hispania kwenye muda wa nyongeza. Medali ya fedha, kisha akajiuzulu. Ukiniuliza, kwenye luninga anaeleza mpira vizuri kuliko makocha wengi.

Henry au Mbappé?

Wote watoto wa vitongoji vya Paris, wote Clairefontaine, wote Monaco, ambako Mbappé ndiye aliyevunja rekodi ya Henry ya kuwa mchezaji mdogo kuliko wote kuichezea timu ya wakubwa. Kwa fainali, Mbappé hana mpinzani: bao moja 2018, matatu 2022. Kwa kuifanya timu nzima icheze, kwa kushuka kuchukua mpira na kutoa, mimi nabaki na mzee wangu. Nilishasema mapenzi mtayaona.

Nimeshawishika. Mwanangu ana miaka kumi, anacheza winga, nimwonyeshe bao gani kwanza?

Wengi watakwambia la Manchester au la Madrid. Mwonyeshe la Leeds, 9 Januari 2012, Kombe la FA.

Henry ana miaka 34, ligi ya Marekani iko likizo, karudi Arsenal kwa mkopo mfupi. Jezi yake ya zamani, namba 14, anayo Walcott, yeye kavaa 12. Anaingia kipindi cha pili, 0-0. Mbio hazipo tena, zimekwisha, hata akitembea unaona umri. Dakika ya 78 Alex Song anamchomekea pasi kushoto ndani ya kumi na nane. Mwambie mwanao asitazame mpira, atazame nyonga. Mguso mmoja, nyonga inafunguka, kipa anaziba karibu, mpira unazunguka kwenda kulala nguzo ya mbali. 1-0.